Nilivyomweka Doto Nyuma ya Maiki

Kaeni chini, nyie mnaorekodi kwa kompyuta. Mimi nitasimama. Tangu kazi yangu ya mwisho ya kurekodi mwili umekataa kiti, na hata haya naandika nimesimama, daftari liko juu ya gunia la pumba kwenye mashine yangu ya kusaga hapa Bariadi. Mteja akiingia naacha neno katikati nakwenda kumimina mahindi yake. Mkiona mahali maneno yameruka, jueni mtu alileta debe.

Jina langu Masunga. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nikichungulia dirishani. Lakini ulizeni kuanzia Dutwa mpaka Sola: nani alirekodi zile kaseti zilizokuwa zikilia kwenye redio za baiskeli, mtu anatoka mnadani na ng'ombe wake watatu huku ngoma inamsindikiza? Ni mimi. Mtasema najisifu. Najisifu, ndiyo. Asiye na cha kujisifia ndiye anyamaze. Sijafika sitini na nina nyumba mbili za bati, mashine hii, na masikio ambayo hata leo yanaweza kukwambia mkanda wa mashine umelegea kabla fundi hajafungua boksi.

Kazi nilifundishwa na marehemu mzee Bundala. Alizaliwa Ngulyati, na ujana wake wote, miaka ile ya sitini, alikuwa fundi mitambo wa kampuni moja ya santuri iliyokuwa ikizunguka na gari kurekodi bendi. Siku hizo kila bendi iliitwa Jazz. Watu wanne wana gitaa moja na debe, wanajiita Jazz. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilipomkuta alikuwa anatengeneza redio sokoni. Nilipita nikasikia redio mezani kwake nikamwambia, "Mzee, betri moja ya hiyo imekufa, zilizobaki zinaibeba." Akacheka, akafungua, akatoa betri moja moja na kuzipima. Kisha akaniangalia kama mtu anayeangalia ndama mnadani.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Basi kesho uje ufundishwe."

Cha kwanza alichonifundisha ni kuchanganya sauti kwa miguu. Nyie mna vitelezi na vitufe. Mwimbaji akizidiwa mnamsukuma juu kwa kidole. Bundala alikuwa na maiki moja. Moja! Bendi nzima inasimama kuizunguka, na sauti inapangwa kwa hatua. Ngoma zinakwenda mlangoni. Besi inakaa juu ya gunia ili sakafu isiivume. Mwenye manyanga anayashikia kiunoni, akiyainua tu ameua wimbo. Mwimbaji yuko karibu kabisa, na mpuliza saksafoni akifika zamu yake ya kupiga peke yake anapiga hatua mbili mbele, akimaliza anarudi mbili nyuma bila kuangalia, kama mtu anayecheza ngoma. Chini mnachora chaki. Mtu akikosea hatua, wimbo mzima unarudiwa tangu mwanzo, maana hakuna cha kukata wala kuunga. Bundala alikuwa akisema hata zile santuri za jazz na soul kutoka Marekani, ambazo nyie mnaziita za dhahabu, nyingi zilifanywa na watu waliosimama chumba kimoja wakaimba wimbo mzima kwa mkupuo, wakijua atakayekohoa kikohozi chake kitaishi kuliko yeye.

Cha pili ni bati. Msirekodi chini ya bati jua linapopanda wala linapozama. Bati likipata joto linalia, likipoa linalia, ta! ta! na maiki haisamehi. Saa zenu ni alfajiri kukishakucha mpaka saa tatu hivi, au adhuhuri bati likishatulia, kama mnaliweza joto. Cha tatu ni kusafisha kichwa cha mashine. Spiriti haikuwepo, tulitumia gongo. Bundala alikuwa akidondosha kwenye pamba kidogo na kusema, "Mashine inakunywa kabla ya wanamuziki." Wanamuziki walikuwa wakiangalia ile pamba kwa huzuni sana.

Na cha nne ni pamba yenyewe. Pamba inameza mwangwi. Santuri nzuri alizorekodi Bundala upande huu hazikurekodiwa kwenye ukumbi wala kanisa. Zilirekodiwa kwenye maghala, katikati ya marobota, sauti ikitoka mdomoni hairudi tena. Mimi mwerevu, nilipojitegemea, nikajenga studio yangu kwa akili hiyo. Kuta mbili za matete, katikati nikashindilia pamba. Nilikuwa wa kwanza Simiyu, na mkimpata aliyenitangulia nileteeni. Ila robota ni pamba iliyochambuliwa, na mimi nilitia pamba kama ilivyotoka shambani, na mbegu zake. Panya wa wilaya nzima walihamia. Nina kaseti moja ya mwimbaji mashuhuri analia juu ya mke aliyemkimbia, na chini yake, ukisikiliza vizuri, kuna watu wanatafuna. Wateja walidhani ni ala mpya. Mmoja aliniomba nimtilie na yeye.

Kosa jingine lilikuwa baya zaidi. Mnajua ngoma zetu zina pande mbili, Wagika na Wagalu, na kila upande una dawa zake za kuvuta watu uwanjani. Mimi nikanunua kaseti chache, nikaona nibane matumizi: mwimbaji wa Wagika upande A, wa Wagalu upande B. Hakuna aliyeigusa. Wagika walisema dawa ya Wagalu imekaa mgongoni mwa wimbo wao. Wagalu nao wakasema hivyo hivyo. Mzee mmoja alinirudishia kaseti ameifunga kwenye jani la mgomba, anaishika kwa ncha za vidole. "Masunga," akasema, "umewalaza wagomvi kitanda kimoja, halafu unataka mimi niwe nawageuza?"

Nacheka sasa. Lakini jambo linalonitoa kwenye kiti si panya wala Wagalu. Ni wale mapacha.

Kwetu mapacha ni jambo zito. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na alichopewa mmoja apewe na mwenziwe, shati kwa shati, kibao kwa kibao. Ukipunja mmoja, ugonjwa unaingia nyumbani, na hauchagui yupi. Wapo Ngulyati mapacha wawili, sasa wana umri wa miaka themanini na kitu, ambao ujanani walikuwa na bendi yao, Mabasa Jazz. Mabasa kwa Kisukuma ndio hao mapacha. Kulwa aliimba, Doto alipuliza saksafoni. Na Bundala ndiye aliyewarekodi santuri yao moja tu, katika ghala la pamba pale Dutwa, mimi bado nanyonya.

Nimeisikia habari hiyo kwa Bundala mara nyingi. Alimpanga Kulwa karibu na maiki, Doto akampeleka nyuma, kwa kuwa saksafoni ina nguvu kuliko koo la mtu. Mama yao alikuwepo. Akasimama, akachomoa kamba ya kufungia ndama aliyokuja nayo kiunoni, akapima kutoka kwenye maiki mpaka mdomo wa Kulwa, akapima mpaka mdomo wa saksafoni.

"Huyu umempunja," akasema.

"Mama, ni sauti hiyo, si chakula."

"Akifa mmoja utamzika wewe? Walingane."

Wakalingana. Na maiki ile ya Bundala ilisikia pande zote sawasawa. Santuri ikatoka, na saksafoni ya Doto ikaifunika sauti ya Kulwa kama blanketi. Ilipendwa sana! Ilipigwa kila harusi. Ila watu waliiita santuri ya Doto, na kila walipomwona Kulwa walimuuliza, "Baba, siku ile ulikuwa unaimba ukiwa kisimani?" Miaka na miaka. Alioa wakamuuliza hivyo, alizaa wakamuuliza hivyo, mpaka wajukuu wakarithi lile swali.

Sasa, mwaka juzi, wakati wa msimu wa pamba, nikiwa nimeshaacha kazi, akaja hapa mashineni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Kabula, binti wa Kulwa. Nikazima injini.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Umeleta mahindi?"

"Nimeleta shida. Baba ana uvimbe kooni. Jumatatu wanamfanyia operesheni Mwanza. Watatoa zoloto lote, kile kisanduku cha sauti. Hatasema tena."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Anataka aimbe kwanza," akasema Kabula. "Zile nyimbo. Anataka asikike hata mara moja."

Akanieleza kwamba walishakwenda studio moja mjini, ya kijana mwenye kompyuta. Kijana hakufanya vibaya, nasema kweli. Alimtia Kulwa chumba chake peke yake, akamvisha vile vya masikioni, akamwambia aimbe, saksafoni itawekwa kesho. Mzee akasimama pale, nyimbo zikapita, hakufungua mdomo. Kijana akamuuliza, mzee vipi? Akajibu, "Nasubiri Doto avute pumzi." Miaka yote huyo mzee anaingia kwenye wimbo kwa kusikia kaka yake anavuta pumzi. Kompyuta haikuwa na pumzi ya Doto.

Nikamwambia Kabula: mtu anayeweza kazi hiyo Simiyu hii yuko mbele yako. Naye akasema ndiyo maana amekuja, na kwamba watu wamemwambia nitajibu hivyo hivyo.

Ijumaa nikaenda Ngulyati kwa pikipiki nikaomba ghala la kununulia pamba. Lilikuwa limejaa magunia mpaka kwenye mbao za paa. Safari hii mbegu hazikunitisha, tulikuwa tunahitaji asubuhi moja tu. Nikatengeneza uwazi katikati kama kiota. Nikapiga kofi: pa. Likafa pale pale. Safi. Jumamosi kukishakucha wakaja, Kulwa na shuka shingoni, Doto na saksafoni kwenye mfuko wa mbolea, na vijana watatu wa kwaya kwa gitaa, besi na ngoma. Tulikuwa na saa mbili kabla bati halijaanza kulia.

Nikamweka Kulwa karibu. Nikamwonyesha Doto alama yake ya chaki, nyuma, karibu na magunia. Doto akaiangalia ile chaki, hakuisogelea.

"Masunga, we kijana, wewe ni mtu wa hapa au umeletwa?"

"Wa hapa, baba."

"Kaka yangu anaumwa. Keshokutwa anakatwa shingo. Leo ndiyo unataka nimpunje?"

"Si wewe utakayempunja, baba. Ni wewe utakayekuwa nyuma."

"Ni kitu kimoja. Na akifa mezani kule, nitasema nini? Kwamba nilikuwa mbali kwa sababu ya chaki?"

Nikamgeukia Kulwa, nikitegemea atanisaidia, yeye mwenye haja. Kulwa akasema, kwa sauti ile iliyobaki, kama mtu anayekwangua sufuria, "Walingane, Masunga. Mama alisema."

Mnaona nilipofika? Mtu amekuja kusikika kabla hajanyamazishwa, na mwenyewe anataka apangwe kwa mpango ule ule uliomfunika ujana wake wote. Jua linapanda. Nikatoka nje, nikazunguka ghala mara mbili, nikarudi nikiwa na akili.

Maiki yangu si kama ya Bundala. Hii inasikia mbele tu. Mgongoni ni kiziwi. Simama nyuma yake upige kelele, itakuchukua kama mtu aliyeko nyumba ya pili. Na mimi sikuwaambia. Nikachukua kamba ya gunia, nikamwita Doto apime mwenyewe. Futi tatu kutoka maiki mpaka mdomo wa Kulwa. Futi tatu kutoka maiki mpaka mdomo wa saksafoni. Ila Kulwa nilimpa uso wa maiki, na Doto nikamweka ng'ambo, wanatazamana, maiki katikati yao imempa Doto kisogo. Na nyuma ya Doto magunia, ili sauti yake isipate ukuta wa kurukia.

Doto akavuta kamba mara mbili, akaridhika. "Sasa umekuwa mtu," akaniambia.

Nikavaa vyangu vya masikioni.

Nyie vijana, nimerekodi watu wengi. Sijasikia kitu kama kile. Sauti ya Kulwa ilikuwa imechanika, ina mchanga ndani, lakini ilikuja mbele kabisa, unasikia mpaka ulimi ukigusa meno, na saksafoni ikawa kwa mbali kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Wimbo wa kwanza, mkupuo mmoja. Wa pili, mkupuo mmoja. Katikati Kabula anamnywesha babake maji ya moto, na wale wazee wanachokozana.

"Ulitangulia kuzaliwa ukatangulia kulia," Doto anamwambia. "Ndiyo maana koo limechakaa kabla ya langu."

"Na wewe ulichelewa kwa sababu ulikuwa unatafuta filimbi humo ndani."

Wimbo wa tatu kundi la ng'ombe lilipita nje na kengele zao. Nikainua mkono nisimamishe, Kulwa akaniangalia kwa jicho ambalo lilirudisha mkono wangu chini. Kengele zimo mpaka leo. Wa nne na wa tano zikaingia. Wa sita, kwenye ubeti wa mwisho, sauti ikakatika. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Doto akaendelea kupuliza peke yake mpaka mwisho ulipofika, na pale pale, juu ya vichwa vyetu, bati likaanza: ta! ta!

Nikawaambia tayari. Kulwa akanishika mkono. "Wabeja," akasema, asante. Nadhani ni moja ya maneno ya mwisho aliyoyatoa kwa koo lake. Akaliharibu kwa kunipa mimi, mtu niliyekuwa nimemdanganya ndugu yake kwa kamba.

Jumatatu nilifungua mashine sikuweza kusaga. Mama mmoja alileta mahindi nikamsagia juu ya unga wa mihogo wa mwenzake, wakanitukana wote wawili na walikuwa na haki. Nikampigia Kabula saa tatu, saa nne, saa nne na nusu.

"Baba, bado yuko ndani."

"Anapumua?"

"Baba Masunga, ukipiga tena nazima simu."

Akazima. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, na mambo ya mapacha kupunjana nilikuwa nayacheka mbele za watu. Yacheke ukiwa huna la kuficha. Jioni simu ikafunguliwa: ametoka, yuko hai, sauti imekwenda. Nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nilikaa siku tisa.

Siku ya kumi Kabula akasema kidonda kimetunga usaha, baba ana homa kali. Nikasimama. Kesho yake mtu wa Ngulyati akaja kusaga, nikamuuliza habari za huko, akasema, "Salama, ila mzee Doto kalala. Homa."

Mmoja Mwanza, mmoja Ngulyati, homa siku moja. Niliacha mashine inaunguruma, nikapanda pikipiki. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno: baba Doto, maiki ina mgongo, nilikuweka mgongoni, nihukumu mimi. Nikamkuta amejikunja kitandani, anatetemeka, anatoa jasho. Mkewe akasema wamepima, ni malaria, ameshapewa dawa. Doto akafungua jicho.

"Masunga. Umeleta ule wimbo?"

"Bado, baba. Bado nautengeneza."

"Kaka yangu anasikika?"

"Anasikika."

"Basi," akasema, akageukia ukutani. Na mimi, ambaye nimewahi kubishana na wakuu wa ngoma wenye visu viunoni, nikatoka pale maneno yangu yote yakiwa bado mdomoni. Wiki mbili hizo sikulala vizuri, nilipungua mpaka mke wangu akadhani nina mwanamke. Nilikuwa naamka naisikiliza ile rekodi kutafuta kama kuna mahali Doto anasikika vya kutosha. Hakuna. Na hakuna cha kupandisha! Nyie mngefungua njia yake mkaiongeza. Maiki moja ni kama uji: ukishakoroga hutoi sukari.

Wakapona wote. Yupi alimponya mwenziwe sijui, niulizeni mambo ya umeme. Mwezi ulipoisha Kabula akaniita Ngulyati, baba amerudi na anataka kusikia.

Tulikaa uani mchana, chini ya ukingo wa bati. Kulwa alikuwa amekonda, na shingoni, pale penye kitundu anachopumulia, wamemfunga kitambaa cheupe. Doto alikaa kwenye kigoda pembeni yake, kigoda kama cha mwenziwe. Nikaweka spika kwenye beseni lililogeuzwa, nikabonyeza.

Nyimbo zote sita. Hakuna aliyetikisika. Kulwa alifumba macho, na wimbo wa pili vidole vyake vikapanda shingoni, vikagusa pembeni ya kitambaa taratibu, kama mtu anayegusa mlango wa nyumba aliyohama. Jirani mmoja alipita njiani akasimama, akauliza, "Nani huyo anaimba?" Kabula akamjibu, "Ni Kulwa." Yule jirani akarudia, "Kulwa?" akabaki pale pale na baiskeli yake.

Zilipokwisha, Doto akanigeukia.

"Mbona mimi niko mbali? Kamba nilipima mwenyewe."

Nikawaeleza. Nilisimama, nikawaeleza yote, uso wa maiki na mgongo wake, na magunia, na kwamba nilijua. Nikasema na homa zile mbili nimezibeba mimi.

Doto akaiinamia ile spika, akaiangalia mbele na nyuma.

"Kwa hiyo," akasema, "ulinisimamisha nipulize mbele ya kiziwi."

"Ndiyo, baba."

"Asubuhi nzima."

"Ndiyo."

Nikamwangalia Kulwa. Mabega yake yalikuwa yanaruka na kitambaa cha shingoni kinapepea, fu, fu, fu, na mimi nikadhani ndiyo anakata roho, tena kwa hasira niliyomtia mimi. Kabula akaniambia, "Anacheka, baba. Sasa hivi anacheka hivyo."

Alipomaliza kufuta macho, akaionyesha spika kwa kidole. Akamwonyesha Doto. Kisha akavuta mkono kwake: lete.

"Anataka sauti ya kaka yake iongezwe," Kabula akasema.

"Haiwezekani, mzee wangu," nikamwambia. "Imechukuliwa kwa maiki moja. Nikimwongeza yeye nakuongeza na wewe. Haitoki."

Akatikisa kichwa, amekasirika kama mtu anayeongea na mjinga. Akarudia: kidole kwa Doto, mkono kwake. Doto ndiye aliyeelewa. Akanyanyuka, akaingia ndani kwake, akarudi na mfuko wa mbolea, akatoa saksafoni, akasimama kule mlangoni kwa jikoni. Mimi nikarudisha wimbo wa kwanza.

Sauti ya Kulwa ikatoka kwenye spika, na Doto akaanza kupuliza juu yake, polepole, kwa adabu, ukiisikia unaona kwamba safari hii anaogopa kumfunika. Kulwa akamwita kwa mkono. Doto akapiga hatua. Akamwita tena. Hatua nyingine.

"Nitakufunika, we mzee," Doto akasema akitoa mdomo. "Watu watakuuliza kisima tena."

Mkono ukaita. Hatua. Mkono ukaita. Mpaka mdomo wa saksafoni ukawa shubiri moja kutoka sikio la Kulwa, na Doto sasa anapuliza kama kijana, kuku wamekimbia, jirani ameangusha baiskeli, na kwenye ile spika yangu ya shida husikii tena mtu anaimba nini. Sauti niliyoihangaikia, niliyoiibia, iliyonikosesha usingizi, imemezwa yote.

Nikanyoosha mkono niongeze spika. Kulwa, macho yamefumbwa, akaupiga kofi.